VPN imezeeka, sawa. Je, funguo mpya anashika nani?

Ukitaja VPN mbele ya kijana wa mjini leo, kinachomjia kichwani ni neno moja tu: kupenya. Mtandao wa X ulipofungwa hapa Tanzania mwezi Mei 2025, jamaa waliwasha VPN, wakapenya, maisha yakaendelea. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kitu hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya kupenya popote. Kilizaliwa kwa ajili ya kazi.

Mhasibu yuko Mbeya kikazi. Mafaili yapo kwenye seva, makao makuu, Dar es Salaam. VPN inamchimbia handaki la siri kutoka kwenye laptopu yake mpaka ndani ya mtandao wa ofisi, na kompyuta za ofisi zinamchukulia kama vile amekaa pale pale kwenye meza yake ya kila siku. Hiyo ndiyo VPN ya ofisini, na ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Kwa nini leo? Kwa sababu inazikwa, ndugu zangu. Makampuni makubwa yanaizika moja baada ya jingine, na wauzaji wa mbadala wake wanabisha hodi kwenye ofisi zetu na makabrasha yao ya rangi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane: mbadala huo ni mzuri, na VPN ya ofisini inastahili kuzikwa. Tatizo ni kwamba tunaununua bila kuuliza swali la msingi: funguo za nyumba anabaki nazo nani?

Tuanze na zile nyumba za Masaki na Oysterbay. Ukuta mrefu, nyaya za umeme juu yake, mlinzi getini. Ukishamridhisha mlinzi, kule ndani milango iko wazi: sebuleni, jikoni, mpaka maktaba ya mzee. Mitandao ya ofisi ilijengwa hivyo kwa miaka mingi. Ukuta ni ile fayawoli. VPN ni geti dogo la nyuma kwa ajili ya watu wa nyumbani waliochelewa kurudi. Mwizi mwenye akili hahangaiki na ukuta. Anatafuta ufunguo wa geti dogo.

Na kweli, Marekani waliupata. Tarehe 29 Aprili 2021 wadukuzi wa kundi la DarkSide waliingia kwenye mtandao wa kampuni ya Colonial Pipeline, yenye bomba la mafuta la zaidi ya kilomita 8,800 linalobeba karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi ile. Waliingiaje? Hawakulipua kitu. Walitumia akaunti moja ya zamani ya VPN ambayo haikutakiwa hata kuwepo. Nenosiri lake lilikuja kuonekana kwenye rundo la maneno ya siri yaliyovuja mtandaoni. Akaunti yenyewe haikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili, ile tarakimu unayotumiwa kwenye simu. Tarehe 7 Mei kampuni ikalazimika kuzima bomba. Vituo vya mafuta vikakauka, Wamarekani wakapanga foleni na madumu kama sisi tulivyozoea. Kampuni ikalipa fidia ya bitcoin 75, wakati ule kama dola milioni 4.4, ingawa serikali yao baadaye ilifanikiwa kurudisha sehemu kubwa ya bitcoin hizo. Yote hayo kwa sababu ya ufunguo mmoja uliosahaulika! Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Utasema hilo lilikuwa kosa la binadamu, si la mashine. Haya, tuangalie mashine. Januari 2024 iligundulika kwamba vifaa vya VPN vya kampuni ya Ivanti, vinavyotumiwa na mashirika na serikali nyingi, vina matundu ambayo wadukuzi walikuwa wameshaanza kuyatumia. Tarehe 31 mwezi huo, CISA, idara ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, iliziamuru ofisi za serikali ya shirikisho zivichomoe vifaa hivyo ndani ya saa 48. Msomaji, fikiria hilo. Kifaa ulichokinunua kikulinde, unaamriwa ukichomoe kwa usalama wako. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa kuna waliolishtukia jambo hili mapema. Januari 2010 Google ilitangaza kwamba imedukuliwa, kwa shambulio lililotokea China, na kwamba baadhi ya mali zake za kitaalamu zimeibwa. Wengi wetu tungeongeza matofali kwenye ukuta. Wao walifanya kinyume. Walianzisha mradi walioupa jina BeyondCorp, wakaanza kuuelezea hadharani katika makala ya Desemba 2014. Kiini chake ni rahisi: mtandao wa ndani ya ofisi usiaminiwe kuliko mtandao wa mgahawani. Kila unapofungua kitu, unaulizwa upya: wewe nani, kompyuta yako ni ile tunayoijua, ina afya, na hiki unachokitaka una ruhusa nacho? Ukikijibu kimoja hujafungua kingine. Mfanyakazi anafanya kazi popote bila VPN.

Mwaka huo huo wa 2010, mchambuzi John Kindervag wa kampuni ya Forrester aliipatia falsafa hii jina ambalo kwa Kiswahili chetu ni "usimwamini mtu". Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikaitolea mwongozo rasmi.

Wazungu wanaiona mpya. Sisi tumekulia humo! Nenda Manzese, nenda Tandale, ingia nyumba ya kupanga ya vyumba sita. Mlango wa mbele uko wazi tangu alfajiri. Koridoni anapita muuza samaki, mtoto wa jirani, mgeni wa mpangaji wa chumba cha nne. Hakuna anayejali. Kwa nini? Kwa sababu kila chumba kina kufuli lake, na kuingia koridoni hakukupi haki ya kuingia kwangu. Usalama umetoka kwenye ukuta, umehamia kwenye mlango wa kila chumba. Hiyo ndiyo falsafa nzima, wala huhitaji kabrasha.

Ugumu ni kwamba kuweka kufuli kwenye kila chumba ni kazi, na si kila ofisi ina wahandisi wa Google. Hapo ndipo biashara ilipoingia. Mwaka 2019 kampuni ya utafiti ya Gartner ilibuni jina SASE, linatamkwa kama "sasi". Maana yake, ukitoa mapambo, ni kwamba kazi ya kuunganisha matawi ya ofisi na kazi ya kuyalinda ziunganishwe kuwa huduma moja, na huduma hiyo isikae kwenye chumba chako cha seva bali kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mtoa huduma zilizotawanywa duniani. Wewe unalipa kwa kichwa, kila mwezi, kama king'amuzi. Miezi michache baadaye ikaja Corona, wafanyakazi wakatawanyika majumbani, zile VPN zilizopangiwa watu kumi zikabebeshwa mia tano. Sasi ikauzika yenyewe.

Na kusema ukweli, kwa mazingira yetu ina mantiki. Chukua tawi la Mwanza. Kwa mpango wa zamani, mfanyakazi wa Mwanza akitaka kufungua programu iliyo kwenye seva za Ulaya, safari yake inaanzia kwenda Dar es Salaam kukaguliwa na fayawoli ya makao makuu, ndipo iende Ulaya, kisha irudi Dar, ndipo imfikie Mwanza. Ni kama abiria wa Bukoba anayetaka kwenda Kampala halafu unamlazimisha apitie Ubungo kwanza. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar mpaka kusini mwa Ulaya na kurudi kwa njia ya bahari si chini ya kilomita 16,000, hivyo karibu moja ya kumi ya sekunde inaliwa kwa kila swali na jibu, hata kabla ya foleni za njiani. Kufungua ukurasa mmoja tu ni maswali na majibu mengi. Ukiongeza kona zisizo na lazima, mtu anaanza kunywa chai akisubiri.

Kwa mpango mpya, laptopu inakwenda kwenye kituo cha wingu kilicho karibu zaidi, inakaguliwa hapo, inaendelea na safari. Cloudflare, mmoja wa wauzaji wakubwa, walishaweka kituo Mombasa tangu mwaka 2015. Na shirika la watu ishirini, ambalo lisingeweza kamwe kununua fayawoli ya maana na kumlipa mtaalamu wa kuilea, linapata ulinzi wa aina ile ile wanaopata matajiri. Hayo ni maendeleo. Nayapigia makofi.

Sasa njoo kwenye kichwa cha makala. Huyu mkaguzi aliye kwenye wingu anakaguaje?

Siku hizi sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti yamefungwa. Ile alama ya kufuli kwenye kivinjari chako maana yake ni kwamba barua imo ndani ya bahasha, na anayeipitisha njiani anaona anwani tu. Mkaguzi hawezi kutafuta virusi ndani ya bahasha asiyoifungua. Kwa hiyo anaifungua! Ofisi inaweka kwenye laptopu yako cheti maalumu, kompyuta inafundishwa kumwamini mkaguzi, naye anapokea bahasha, anaifungua, anaisoma, anaifunga upya na kuipeleka. Kufuli kwenye kivinjari linabaki pale pale, limejaa tele. Kama hujui pa kubofya ili usome cheti kimetolewa na nani, hutajua kitu.

Sizungumzii njama. Ni kazi halali ya mtambo, na imeandikwa kwenye maelezo ya wauzaji wenyewe. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na nalitazama hili kwa jicho la kazi yangu. Karani wa ofisi fulani ya umma anapomtumia mwandishi nyaraka zinazoonyesha fedha za dawa zimeliwa, anamwamini mwandishi. Hakumwamini msimamizi wa mitandao wa gazeti. Hakumwamini mmiliki wa gazeti, ambaye pengine wikiendi anacheza gofu na huyo huyo aliyekula fedha. Na hakika hakumwamini fundi wa kampuni ya ng'ambo. Mwandishi akiifungua barua pepe ile kwenye laptopu ya ofisi iliyo chini ya mkaguzi, bahasha imefunguliwa njiani, na kumbukumbu za nani alifungua nini na saa ngapi zimeandikwa mahali. Programu kama Signal zina kufuli lao la ndani ambalo mkaguzi huyu halifungui, ila kumbukumbu inaweza kuonyesha kwamba umeitumia. Badala ya mwandishi weka daktari, mwanasheria, au afisa rasilimali watu anayepokea malalamiko ya unyanyasaji wa kingono. Siri zinazopita kwenye kompyuta zao si mali ya mwajiri hata kidogo. Ni mali ya wagonjwa, wateja na walalamikaji.

Na kumbukumbu hizo zinakaa wapi? Wauzaji wengi wakubwa ni wa Marekani. Tangu mwaka 2018 nchi ile ina sheria, CLOUD Act, inayoziwezesha mahakama zake kudai data kutoka kwa kampuni zilizo chini ya mamlaka yake hata kama data zenyewe zimehifadhiwa nchi nyingine. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Wakenya wana yao ya mwaka 2019. Lakini sheria ni makaratasi mpaka mtu aulize. Wangapi wameuliza ofisini kwao?

Swali la pili ni la kuanguka. Tarehe 18 Novemba 2025 Cloudflare ilianguka kwa saa kadhaa. Haikushambuliwa. Faili moja la mfumo wake lilivimba kupita kipimo, likaangusha mitambo. X na ChatGPT zikayumba, na lililo muhimu kwa mada yetu ni kwamba huduma yao ya kuthibitisha wafanyakazi, lile kufuli la kila chumba, nayo ilikwama. Waliokuwa nje ya chumba walibaki nje. Mwaka mmoja kabla, tarehe 19 Julai 2024, toleo bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lililala na kompyuta milioni 8.5 za Windows, viwanja vya ndege vikasimama. Ukimpa fundi mmoja kufuli za mji mzima, siku akiugua mji mzima unalala nje.

Hapo hatujagusa nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ya Tanzania na majirani ikadorora kwa siku kadhaa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwetu kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo hata mlango wa mafaili yake ya ndani unafunguliwa na mtambo wa ng'ambo, siku kama hizo inafanyaje? Mafaili yapo mita kumi kutoka mezani kwako, ufunguo uko Ulaya.

Tukiwa hapo hapo, tuiseme na serikali. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN wazisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Naelewa hofu ya mamlaka kuhusu maudhui. Lakini kwa tangazo lile, benki yenye matawi mikoani na kijana anayetazama kilichofungwa waliwekwa kapu moja. Njia iliyofungwa kwa kufuli ndiyo ulinzi wa msingi wa kila kazi ya mtandaoni, iwe inaitwa VPN au sasi. Nchi inayoimba uchumi wa kidijitali haiwezi kuitendea kufuli kama bidhaa ya magendo.

Najua wapo watakaonijibu. Wa kwanza atasema: wewe mbona barua pepe yako iko kwa Wamarekani hao hao? Kweli. Lakini mtunza barua anaona barua alizotunza yeye. Mkaguzi aliye katikati ya njia anaweza kuona kila kinachopita, barua, benki, hospitali, vyote kwa pamoja. Uzito si ule ule. Wa pili atasema: kompyuta ni ya ofisi, ukitaka siri tumia yako. Nakubali nusu. Mwajiri ana haki ya kulinda mali yake, na yaliyoipata Colonial yanatosha kuwa somo. Ila wengi wetu laptopu ya ofisi ndiyo laptopu pekee, na ofisi nyingine siku hizi zinadai kuweka programu yao hadi kwenye simu yako binafsi. Hapo hoja ya "kompyuta ya ofisi" inakufa.

Basi tufanye nini? Kwanza yale ya bure, kabla hujasaini mkataba wa dola. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, kuanzia mkurugenzi, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kuukataa. Fungua daftari la akaunti zote, na mtu akiacha kazi leo, akaunti yake ife leo. Haya mawili yangewapa shida kubwa waliovamia lile bomba.

Pili, unapoletewa kabrasha, usiulize bei tu. Uliza bahasha gani zitafunguliwa na zipi hazitaguswa, maana mitambo hii inaruhusu kuacha tovuti za benki, hospitali na nyinginezo zipite bila kufunguliwa. Uliza nani ofisini ataruhusiwa kusoma kumbukumbu, zitakaa siku ngapi, na katika nchi gani. Uliza kituo cha karibu kiko wapi, Mombasa au Frankfurt. Uliza siku wingu likianguka tutaingiaje kwenye mafaili yetu wenyewe, na dai jaribio lifanyike mbele yako. Muuzaji mzuri ana majibu. Anayebabaika, msindikize mlangoni.

Tatu, na hili ni kwa wafanyakazi wenzangu: dai kuambiwa kwa maandishi. Kama ofisi inafungua bahasha, iseme. Vyumba vya habari viwe na kompyuta angalau moja iliyo nje ya mkaguzi kwa ajili ya vyanzo, na vyama vyetu vya waandishi viliweke jambo hili kwenye mazungumzo na wamiliki, sawa sawa na wanavyodai mishahara. Chanzo akifahamika anaweza kupoteza kazi, na wengine wamepoteza zaidi ya kazi.

Kwa hiyo VPN ya ofisini tuizike bila machozi, na kila chumba kiwe na kufuli lake. Ninachokataa ni mpangaji kulala usingizi wa pono wakati hajui nakala za ufunguo ziko ngapi na ziko kwa nani. Wewe ofisini kwako umeshauliza? Karibu kibarazani utoe yako.

Nawasilisha.